Kuijua Dini Usiyokulia: Mwongozo wa Kuingia Nyumba za Ibada za Wengine

Mtu anaweza kuishi Mombasa maisha yake yote, akawa anapita kila siku nje ya hekalu la Wajaini (wafuasi wa dini moja ya kale ya India) la barabara ya Langoni, na asijue ndani kuna nini. Hakuna aliyemkataza kuingia. Hajui tu avue viatu wapi, amwombe nani ruhusa, na akipewa kitu mkononi akile au akirudishe. Mambo madogo ya aina hii ndiyo yanayowazuia wengi wasizijue dini za majirani zao, na ndiyo maana mwongozo huu umejaa mambo madogo: viatu, kichwa, mikono, mdomo, saa.

Umeandikwa kwa ajili ya aliyekulia msikitini au kanisani, maana hao ndio wengi wetu. Tunashauri uanze na ibada inavyotendwa, itikadi zifuate baadaye. Anayeanza na itikadi huishia kubishana na kitabu peke yake chumbani. Aliyekaa sakafuni pamoja na wenyewe huwa na watu wa kuwauliza.

Kabla ya kutoka nyumbani

Andika sentensi tatu: kwa nini umeichagua dini hii, unataka kujua nini, na jambo gani hutalifanya. Ya tatu ndiyo itakayokuokoa. Mwislamu anaweza kuandika kwamba hatasujudu popote wala kula kilichotolewa mbele ya sanamu. Mkristo anaweza kuandika kwamba hatatamka shahada. Mpaka uliouweka mapema unautetea kwa upole. Usiouweka unakukuta umeduwaa watu wakikutazama.

Chagua dini moja tu na uipe wiki nane: mbili za kusoma, nne za kutembelea, mbili za kuuliza na kuandika. Katika zile wiki nne nenda mahali pale pale angalau mara tatu. Ziara ya kwanza yote huishia katika kuhofia miguu yako iko wapi. Kwenye ya tatu ndipo unaanza kuwaona watu. Anayezunguka nyumba tano ndani ya mwezi mmoja hurudi na picha za majengo, na mwishowe husema dini zote ni sawa au zote ni za ajabu, kwa sababu hakukaa na yoyote.

Kisha safisha maneno. Kwa Kiswahili tunachanganya Mhindi na Mhindu. Mhindi ni mtu wa asili ya India; Mhindu ni mfuasi wa dini. Mhindi mwenye duka la vitambaa anaweza kuwa Mhindu, Mjaini, Kalasinga, Bohora, Ithnasheri au Ismailia (hao watatu wa mwisho ni Waislamu wa Kishia), au Mgoa Mkatoliki anayehudhuria misa na wewe. Ukimuuliza Bohora habari za miungu yake, utakuwa umemkosea mara mbili. Jina Kalasinga (Tanzania husemwa pia Singasinga) limezoeleka mitaani, ila wenyewe hujiita Wasikh, na ukiwa mgeni wao tumia jina lao.

Kusoma nako kuna mahali pa kuanzia. Mkristo anayefungua Qurani mwanzoni, akishamaliza Al-Fatiha anakutana na Al-Baqara yenye aya 286, pamoja na hukumu za madeni na talaka, na wengi hukomea hapo. Sura hazikupangwa kwa mfuatano wa kushuka. Kwa jumla ndefu zimetangulia. Anza na Juzuu Amma, yaani ya 30, kisha sura ya 12, Yusuf, halafu ya 19, Maryam. Tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ina maelezo yanayomsaidia mgeni. Mwislamu anayeanza Biblia kutoka Mwanzo naye huchoka akifika Mambo ya Walawi. Aanze na Injili ya Marko, ambayo ina sura 16 tu, kisha Luka 15 na Zaburi ya 23, ya 51 na ya 103. Dakika 30 kwa siku zinatosha. Ukisoma msahafu wenye Kiarabu, usiuweke sakafuni wala chini ya vitabu vingine, na katika nyumba ya Mwislamu usiuguse kabla hujauliza, kwa sababu kwa Waislamu wengi kuushika kunahitaji udhu.

Kuomba ruhusa

Piga simu au peleka ujumbe siku nne hadi saba kabla. Sikukuu kubwa zisiwe ziara yako ya kwanza: watu ni wengi, wenyeji wana shughuli, na hakuna wa kukuelekeza. Ujumbe uwe mfupi hivi:

"Habari za leo. Naitwa fulani, naishi mahali fulani. Nimekulia katika Ukristo na ningependa kujifunza mnavyoabudu. Naomba ruhusa ya kuja Jumapili kukaa nyuma na kutazama. Tutakuwa wawili. Naomba kuelekezwa mavazi na saa ya kufika. Hatutapiga picha."

Sentensi ya mwisho hufungua milango mingi. Taja pia dini yako. Wenyeji wengi hupenda kujua wanamkaribisha nani, na aliyeificha akigundulika baadaye huonekana mpelelezi. Beba kitambulisho na begi dogo, kwa sababu nyumba nyingi za ibada mijini zina ulinzi na mikoba hukaguliwa mlangoni. Ukiambiwa hapana, shukuru uache. Jamatkhana, yaani nyumba ya ibada ya Waismailia, kwa mfano, wakati wa sala ni ya wanajamaa wenyewe tu, na hiyo ni kanuni yao kwa kila mgeni.

Katika mfuko weka kitambaa cha pamba au mtandio wa kutosha kufunika kichwa chote, soksi safi (marumaru ya uani huunguza mchana), leso, na noti ndogo. Nguo zifike chini ya magoti na kufunika mabega, kwa mwanamume pia. Acha nyumbani sigara na pombe, na ukienda kwa Wajaini acha na mkanda wa ngozi, maana dini yao inakataza kudhuru kiumbe chochote.

Kichwa ndicho kinachowachanganya watu. Kwa Wasikh kila mtu hufunika, mwanamume na mwanamke. Msikitini mwanamke hufunika. Sinagogi mwanamume hufunika. Kanisani mwanamume huvua kofia. Baraghashia ya Mwislamu inakubalika gurudwara (nyumba ya ibada ya Wasikh) na sinagogi. Kanisani iweke mfukoni.

Gurudwara, mahali pazuri pa kuanzia

Kama hujawahi kuingia nyumba ya ibada isiyo yako, anza kwa Wasikh. Wamezoea wageni, na chakula ni sehemu ya ibada yenyewe. Gurudwara ya Makindu, kwenye barabara ya Nairobi kwenda Mombasa, ilijengwa 1926 na Wasikh waliokuwa wakifanya kazi relini, na hadi leo huwapa wasafiri wa dini yoyote chakula na malazi bila malipo. Katika gurudwara nyingi za Kenya na Tanzania mkusanyiko mkubwa ni Jumapili asubuhi. Kwao Jumapili si siku takatifu. Wameichagua kwa kuwa ndiyo siku watu hawako kazini. Fika mnamo saa nne.

Vua viatu kwenye rafu, nawa mikono, funika kichwa. Vitambaa vya wageni huwa kwenye kikapu mlangoni. Ukiingia ukumbini utaona mbele kitabu kikubwa juu ya jukwaa dogo, chini ya dari la kitambaa, na mtu akikipepea kwa usinga. Hicho ndicho Guru Granth Sahib, chenye kurasa 1,430. Wasikh walianza na Guru Nanak, aliyezaliwa 1469, na tangu 1708 kitabu hiki ndicho Guru wao. Ndiyo maana usiku hulazwa katika chumba chake na asubuhi hurudishwa kwa heshima. Waumini watainama hadi paji la uso liguse sakafu. Mgeni halazimiki. Simama ukiwa umeunganisha viganja, inamisha kichwa kidogo, kisha kaa pembeni. Tazama wanaume na wanawake wamekaa upande gani, ufuate.

Kaa miguu imekunjwa. Hapa ndipo wageni wengi hukosea: baada ya dakika 20 magoti yanauma, wananyoosha miguu, na nyayo zinaelekea kwenye kitabu. Ikunjie nyuma au upande, au mweleze mapema aliyekualika. Mara nyingi pana viti au mabenchi ya wazee kando. Utasikia tenzi zikiimbwa kwa harimoni na tabla. Watu wakisimama wote kwa dua ya mwisho, iitwayo ardas, simama nao.

Kisha atapita mtu na bakuli la karah prashad. Ni unga wa ngano, samli na sukari kwa vipimo sawa, umepikwa na maji hadi ukawa laini, wa moto, unaonata kama haluwa ambayo bado haijaganda. Unapokea ukiwa umekaa, viganja viwili vimeunganishwa kama unayekinga maji ya bomba, na unakula kwa mkono wa kulia. Ukitaka kidogo, sema "kidogo" kabla mkono wake haujashuka. Kikishatua, kukirudisha ni kukosa adabu. Usikipokee kisha ukakificha kwenye leso ukatupe. Mpaka wako ukikuzuia, unganisha viganja, tabasamu, tikisa kichwa taratibu, naye atapita. Baadaye mikono itabaki na samli. Ipanguse kwa leso yako, usiguse zulia.

Chakula chenyewe, langar, huliwa ukumbi wa pili. Mnakaa chini kwa safu, tajiri na kibarua bega kwa bega, na huo usawa ndio fundisho. Ni dengu, mboga, mtindi, pengine wali wa maziwa, na chapati, bila nyama, ili asiwepo wa kushindwa kula. Chapati pokea kwa mikono miwili, usiinyakue kwa ncha za vidole. Omba kidogo kidogo, kwa sababu kubakiza ni vibaya na kuongezewa ni rahisi. Ukitosheka, funika sinia kwa kiganja. Usitoe pesa ya chakula. Ukitaka kushukuru, nenda kwenye masinki uoshe sinia. Kazi hiyo huitwa seva na ni ibada. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa Wasikh jembe hupokewa siku ile ile ya kwanza, na mazungumzo mazuri kuliko yote utayapata pale kwenye sabuni na maji.

Hekalu la Wahindu, na swali la prasad

Uliza saa. Mahekalu mengi hufungwa kuanzia mchana hadi alasiri, wakati miungu inapopumzishwa, na mgeni wa saa saba hukuta pazia limeshushwa. Nenda kwenye arati, yaani ibada ya taa, ya asubuhi au ya jioni. Nairobi lipo hekalu kubwa la Swaminarayan, dhehebu moja la Kihindu, lililofunguliwa 1999, na humo wanaume na wanawake hukaa mbalimbali.

Katika mazungumzo sema "murti", usiseme "sanamu". Neno sanamu kwetu limeshabeba hukumu kabla swali halijaisha. Ukizunguka murti, zunguka kwa mwendo wa saa ili iwe upande wako wa kulia. Wakati wa arati taa ya samli huzungushwa mbele ya murti, kisha huletwa kwa watu, nao hupitisha viganja juu ya mwali na kujigusa uso. Ikikufikia, unaweza kuinamisha kichwa tu, ipite. Mwanamke aliye katika hedhi aulize kwanza. Mahekalu mengi ya Kihindu na ya Kijaini yana desturi ya kumtaka asubiri siku nyingine, wakati gurudwara haina sharti hilo.

Prasad ni chakula kilichotolewa kwanza mbele ya murti, kisha kikagawiwa: zabibu, karanga, vitamu, vipande vya nazi. Mwislamu atakumbuka katazo la kilichotajiwa asiyekuwa Mwenyezi Mungu katika Al-Baqara 173. Mkristo atakumbuka alivyoandika Paulo katika 1 Wakorintho sura ya 8 na ya 10. Kwa hiyo amua nyumbani. Wahindu wa ukanda huu wamekaa na Waislamu na Wakristo vizazi vingi, na anayekataa kwa viganja vilivyounganishwa hamuudhi mtu. Kinachoudhi ni kuuliza kwa sauti "hiki ni salama?" huku umeshakishika.

Mkristo msikitini, Mwislamu kanisani

Hapa tunadhani tunajuana, na ndipo makosa yanapozidi.

Mkristo amtafute imamu au katibu wa msikiti. Kwa Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Shafi, ambao ndio Waislamu wengi wa pwani, asiye Mwislamu huingia msikitini kwa idhini ya Mwislamu, kwa hiyo usijitome. Adhuhuri na alasiri imamu husoma kimya, na anayekwenda kusikiliza hutoka mikono mitupu. Nenda magharibi: rakaa tatu, mbili za kwanza kwa sauti, dakika zisizozidi 10 au 15. Kaa nyuma kabisa, na katu usipite mbele ya anayesali. Mwanamke aulize mlango wa wanawake uko wapi. Mara nyingi ni tofauti na hauonekani barabarani. Baada ya sala huenda mtu mwenye furaha akakualika urudie maneno ya shahada. Hayo ndiyo maneno ya kuingia Uislamu, hayasemwi kwa majaribio. Jibu: "Nimekuja kujifunza, nashukuru." Walio Oman wana njia nyepesi: Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, Muscat, hupokea wasio Waislamu Jumamosi hadi Alhamisi, saa mbili hadi saa tano asubuhi, na mwanamke hufunika nywele, mikono hadi viganjani na miguu hadi vifundoni.

Mwislamu anayekwenda kanisani achague benchi la tatu kutoka nyuma, ukingoni, ili aone watu wanavyofanya. Simama wakisimama, wakipiga magoti unaweza kubaki umekaa. Kwa Wakatoliki usiende kupokea komunyo, ni ya Wakatoliki walio tayari kuipokea. Kapu la sadaka likipita, kutotoa si aibu. Makanisa mengi yana desturi ya kusema "wageni wasimame", kisha mgeni hupewa kipaza sauti ajitambulishe. Kama hutaki, mwambie mwenyeji wako kabla. Na katika makanisa ya kilokole mhubiri akiita wanaotaka kuokoka wapite mbele, baki kitini, hata jirani akikugusa bega.

Mengine kwa ufupi

Wabuddha wana kituo Upanga, Dar es Salaam, kilichoanzishwa na Wasri Lanka mwanzoni mwa karne ya 20. Watawa hawali baada ya adhuhuri, kwa hiyo ukipeleka chakula, kifike kabla ya saa tano na nusu. Mwanamke asimpe mtawa kitu mkono kwa mkono, akiweke mezani. Usigeuzie murti ya Buddha mgongo ili upigwe picha.

Wabahai, ambao dini yao ilianza Uajemi 1844, wana nyumba ya ibada yenye pande tisa kwenye kilima cha Kikaaya, Kampala, iliyofunguliwa 1961, na nyingine Matunda Soy, Kenya, ya 2021. Hakuna mahubiri wala ala za muziki, ni maandiko na sauti za watu tu. Usitoe mchango, huupokea kwa Wabahai pekee.

Wayahudi wa Abayudaya wako karibu na Mbale, Uganda, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Ukienda kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumamosi jioni, zima simu na usiandike chochote mbele yao, kwa kuwa kuandika ni kazi, na kazi imekatazwa siku ya Sabato.

Na usisahau dini za wazee wetu wenyewe. Kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda wa pwani ya Kenya, zilizoingia orodha ya urithi wa dunia 2008, ni mahali pa ibada kwanza, msitu baadaye. Huingii bila wazee wa kaya. Hukati tawi, huokoti kitu, na mavazi ni wao watakaokuambia.

Namna ya kuuliza

Uliza mtu anafanya nini kabla ya kumuuliza anaamini nini. "Asubuhi ukiamka, unaanza na nini?" "Mtoto akizaliwa, mnafanyaje?" "Mama yako alikufundisha dua gani kwanza?" Maswali haya hujibiwa na muumini yeyote, hata asiye msomi. "Kwa nini mna miungu mingi?" au "Mungu anazaaje?" ni mabishano yaliyovaa alama ya kuuliza. Muulize kiongozi mmoja, mzee mmoja, na kijana mmoja, kila mmoja peke yake. Wakitofautiana, usikimbilie kusema mmoja amekosea. Habari za Uislamu usizichukue kwa mhubiri wa mihadhara ya Kikristo, wala za Ukristo kwa mhadhiri wa uwanjani.

Andika siku ile ile, kurasa mbili: wa kushoto ulichoona na kusikia, wa kulia ulichofikiri. Ukiona wa kulia umejaa na wa kushoto una mistari mitatu, ulikwenda na macho yamefumbwa.

Yanayoharibika

Nyumbani huanza minong'ono: "Anataka kubadili dini." Mweleze mzazi au mwenzi wako kabla hajasikia kwa jirani, na umwonyeshe zile sentensi tatu. Akipenda, mchukue kwenye ziara ya pili. Kwa mtoto aliye chini ya wazazi, ruhusa yao ndiyo ya kwanza.

La pili ni zito zaidi. Mtu anayetafuta huwa wazi, na wapo wanaomwinda. Msitu wa Shakahola, Kilifi, mwaka 2023 ulifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hadi wafe ili wamwone Yesu. Ondoka mahali popote unapoambiwa uache dawa au hospitali, uwatoe watoto shuleni, uuze mali umkabidhi kiongozi, au ukate mawasiliano na ndugu zako. Huhitaji kuaga. Mweleze mtu wa nje siku hiyo hiyo, na palipo na mtoto au mgonjwa hatarini, polisi.

Wiki ya nane

Rudi pale pale, safari hii na zawadi inayofaa. Gurudwara beba unga wa ngano, sukari au maziwa, uvipeleke jikoni. Hekalu la Wahindu, matunda au maua ambayo hujayanusa, maana maua yaliyonuswa hayatolewi mbele ya murti. Msikitini, tende katika mwezi wa Ramadhani, zifike nusu saa kabla ya magharibi. Parokiani, muulize katibu ni nini kinahitajika kwa wagonjwa. Mpe aliyekukaribisha muhtasari wa ulichoandika kwenye ule ukurasa wa kushoto, umwombe asahihishe. Kaa naye anaposoma, kalamu mkononi, na pale atakapocheka au kukunja uso, mwulize kwa nini. Kisha mkaribishe kwenu, na umwambie avue viatu wapi.